Mitoki ya Ami

Ami alikuwa ameegemea ukuta wa baraza, kidevu juu kama mtu anayesubiri kunyolewa. Akanishika mkono, akauweka shingoni mwake. "Tafuta," akaniambia.

Nikatafuta. Wiki moja nyuma palikuwa na mitoki mitatu upande wa kushoto, migumu kama mpira, isiyouma, mmoja wao mkubwa kama kokwa la embe. Sasa vidole vyangu viliteleza kwenye ngozi iliyolegea, basi. Hapakuwa na jipu lililotumbuka, hapakuwa na usaha wala kidonda.

"Haya, yeo niambie wewe msomi," akasema. "Imekwenda wapi?"

Mimi ni mtu wa maabara. Mwaka wa 12 huu kazi yangu ni kupaka tone la damu kwenye kioo, kulitia rangi, kuliweka chini ya hadubini na kuhesabu seli, mia moja kisha mia nyingine, kidole kikibonyeza kihesabio kama mtu avutaye uradi. Kilichoiyeyusha ile mitoki nilikijua. Ila swali la ami halikuwa hilo. Yeye aliuliza nyama yenyewe imepita wapi, na hapo nilikwama, nikaanza kuzungumza habari za upepo wa kusi.

Kilichoiyeyusha ni deksa. Hapa Lamu hakuna asiyeijua. Mwenye pumu anapigwa deksa, mwenye mwili unaowasha anapigwa deksa, mwenye mgongo vilevile, na wapo wanaoimeza ili wanenepe mashavu. Jina lake refu ni deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, inayoiga homoni ya mwili, na nduguye wa vidonge, prednisoloni, watu humwita predni tu. Kijana mmoja wa duka la dawa alimshika ami shingo, akasema ni mitoki ya baridi hiyo, akampiga sindano siku tatu mfululizo na kumfungia predni kwenye karatasi. Siku ya nne ami akaweza kufunga kifungo cha juu cha kanzu. Siku ya saba hapakuwa na kitu. Nyumbani pakasomwa maulidi, mbuzi akachinjwa, na yule kijana akapelekewa sahani yake ya pilau dukani.

Siku ya tatu ya sindano nilikuwa nimempima damu, kwa udadisi tu. Katika seli nyeupe 100 nilizohesabu, neutrofili zilikuwa 89, limfosaiti 6, eosinofili hata moja. Anayeshinda na hadubini haambiwi mgonjwa amepigwa nini, damu inajisema. Steroidi huzibandua neutrofili kwenye kuta za mishipa zilikojibanza, huzitoa nyingine kwenye uboho, na juu ya hayo huzirefushia umri. Limfosaiti hushuka. Eosinofili hutoweka, tena kwa uhakika mkubwa hata mwaka 1948 daktari Mmarekani, George Thorn, akaligeuza jambo hilo kuwa kipimo: mgonjwa anachomwa homoni inayoziamsha tezi zilizo juu ya figo, eosinofili zinahesabiwa kabla yake na tena baada ya saa nne. Zikipungua kwa nusu, tezi zinafanya kazi. Siku hizi kipimo hicho hakitumiki, lakini nakipenda, maana kilitaka jicho na kioo tu.

Nisimdanganye msomaji hapa. Limfosaiti zinapopungua kwenye damu ya mtu baada ya deksa, si kwamba zote zimekufa. Kwa binadamu nyingi huhama, zikajificha kwenye uboho na kwingineko, dawa ikiisha zinarudi. Panya ndiye ambaye zake hufa kwa mafungu. Kwa ami, mauaji yenyewe yalikuwa shingoni.

Na mimi niliyeiona ile slaidi nilinyamaza. Nilijua kuwa mitoki isiyouma ya mtu wa miaka 67 haifai kuyeyushwa kabla ya kukatwa kipande kikatazamwe. Lakini mzee amefurahi, nyumba imejaa watu, mbuzi yuko kamba shingoni. Nikamezea.

Ikarudi baada ya miezi miwili na kitu. Safari hii na kwapani, na usiku godoro likalowa jasho mpaka mkewe akawa analianika kila asubuhi. Tukavuka Mokowe alfajiri, tukapanda basi, Mombasa tukaingia jioni. Daktari wa kike, mpole kuliko tulivyostahili, alisikiliza habari yote, kisha akauliza swali moja: alipewa steroidi? Tulipomweleza, akaweka kalamu chini. Akasema laiti mngekuja wiki ile mitoki ilipoyeyuka, ningekata shingo ya mzee huyu nikatoa seli zilizokufa na kovu, nisijue ni ugonjwa gani. Sasa kipande alichokata kilikuwa kimejaa seli. Limfoma ya seli B, zile kubwa. Saratani ya limfosaiti zenyewe.

Usiku ule tulilala kwa jamaa yetu Kisauni. Umeme ulikuwa umekatika, tumekaa uani, na ami akarudia swali lake. Mara ya kwanza kwa nini iliyeyuka, na iliyeyukia wapi? Siku zile za kungoja majibu nilikuwa nimesoma sana, kwa aibu zaidi kuliko kwa udadisi, na nikaona namna ya kumweleza. Ami ni fundi wa majahazi wa Matondoni.

"Jahazi hufa vipi?" nikamuuliza.

Akaniangalia kama nimemuuliza maji yana rangi gani. Kuna linalopiga mwamba, akasema. Linapasuka, shehena baharini, mafuta yametapakaa, mbao zinaelea, watu wanakimbilia ufukweni kwa makelele. Na kuna lililozeeka mwenyewe akaamua livunjwe. Hilo linapandishwa na bamvua, linalazwa ubavu, mafundi wanang'oa misumari mmoja mmoja, ubao unawekwa kwa ubao, mataruma kando, mkuku mwisho. Ukipita wiki ya pili huoni kitu, mchanga tu. Mbao zimekwenda kuwa viti na fremu za picha za watalii.

Seli nazo hufa hivyo hivyo, kwa namna mbili. Ikiungua, ikikosa damu, ikipigwa na sumu kali, inavimba na kupasuka, yaliyomo yanamwagika, na mwili unakimbilia pale kwa joto, wekundu na maumivu. Namna ya pili haina kelele. Seli inasinyaa. Inajitenga na jirani zake. Inakata DNA yake yenyewe, inajigawa katika vifurushi vidogo vilivyofungwa vizuri, na hakuna kinachomwagika. Ndiyo maana hapakuwa na usaha. Mitoki mitatu ilivunjwa kifundi, ubao kwa ubao, na mwenye shingo hakuhisi lolote.

Jambo lililonikosesha usingizi ni kwamba deksa haiui. Haina shoka. Nilikuwa nikiidhania sumu, kama klorini inavyoua vijidudu kisimani, kumbe ni barua. Steroidi ni jamii ya mafuta, kwa hiyo hupenya utando wa seli bila kubisha hodi. Ndani inakuta kipokezi, protini iliyokuwa imekaa ikishikiliwa na protini nyingine zinazoizuia isiondoke. Homoni ikishikana nacho, kipokezi kinaachiliwa, kinaingia kwenye kiini cha seli na kushika DNA mahali maalumu. Kazi ya homoni imekwisha hapo. Yanayofuata ni kazi ya seli.

Jeni zinawashwa, nyingine zinazimwa. Miongoni mwa zinazowashwa imo ya protini iitwayo Bim. Limfosaiti ina walinzi wake, na maarufu wao ni Bcl-2, anayekaa juu ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli, akizuia zisitobolewe. Bim humshika mlinzi huyo mikono. Hapo zinajitokeza protini nyingine, Bax na Bak, zinazotoboa utando wa mitokondria, na humo inavuja saitokromu c. Protini hii siku zote kazi yake ni kusaidia kutengeneza nishati. Ikiwa ndani ya mitokondria ni riziki, ikitoka nje ni tangazo la msiba. Inakutana na wenzake, wanaunda gurudumu lenye mikono saba, na gurudumu hilo linawaamsha kaspasi, vimeng'enya vilivyokuwa vimelala ndani ya seli tangu ilipozaliwa. Kaspasi ndio wang'oa misumari. Wanakata mataruma ya seli, wanamfungulia mkataji wa DNA, na kwa saa chache kazi imekwisha.

Ami aliuliza nimejuaje kwamba si dawa inayoua. Swali zuri, nami jibu nilikuwa nalo. Watafiti walichukua limfosaiti changa za panya, wakazitia steroidi, na papo hapo wakazitia dawa ya kuzuia seli isitengeneze protini mpya. Hazikufa. Homoni imo, kipokezi kimo, ila mafundi wamefungwa mikono, na jahazi likabaki pale pale. Sumu isingejali hayo. Seli lazima ifanye kazi ili ife.

Mwaka 1980 Andrew Wyllie alionyesha jambo linaloonekana kwa macho. Alichukua seli za tezi ya thaimasi za panya zilizotiwa steroidi, akaitandaza DNA ya seli hizo kwenye jeli inayopanga vipande kwa urefu wake. Badala ya mchirizi wa takataka, ikatokea ngazi: vipande vya urefu kama wa jozi 180 hadi 200 za besi, yaani herufi za DNA, mara mbili yake, mara tatu yake, vidato vimepangana sawasawa. DNA imezungushwa kwenye vidonge vya protini kama uzi kwenye vigurudumu, na mkataji hupita katikati ya kigurudumu na kigurudumu. Aliyevunja hivi hakuwa na hasira.

Hapa niruhusuni nichepuke kidogo, maana nina kero ya lugha. Miaka minane kabla ya ile ngazi, mwaka 1972, huyo Wyllie na wenzake John Kerr na Alastair Currie waliandika makala ya kuipa kifo cha namna hii jina lake. Walikuwa Aberdeen, Uskoti, na jina walipewa na profesa wa Kigiriki wa pale pale chuoni, James Cormack: apoptosi, neno la kale la petali zinapodondoka kwenye ua au majani yanapoanguka mtini. Sisi tunapofasiri tunaandika "kifo cha seli kilichoratibiwa," kana kwamba ni mkutano wa kamati ya maendeleo ya wadi. Na Kiswahili kina neno lililokaa tayari. Majani hupukutika. Bibi yangu alikuwa na mkungu uani, na ulipofika wakati wake majani yaligeuka mekundu kwanza, mti ukayanyonya unachokihitaji, ukaziba mahali kikonyo kiliposhika, ndipo yakaanguka. Bibi akafagia akilalamika, "Mkungu huu wapukutika kama una mashetani." Sidhani Mgiriki alikuwa na neno bora kuliko hilo. Mitoki ya ami ilipukutika.

Thaimasi niliyoitaja ni tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, juu ya moyo. Ni chuo cha limfosaiti aina ya T. Huko wanafunzi wengi mno hufeli. Anayeshindwa kutambua chochote anaachwa afe, anayetaka kuushambulia mwili wake mwenyewe anaamriwa afe, na wanaohitimu ni wachache sana, chini ya kumi katika kila mia. Wanafunzi wa katikati ya masomo ndio wanaopukutika upesi kuliko wote homoni ya steroidi inapopanda, na hupanda kila mwili unapotaabika: homa, njaa, kiwewe. Hans Selye aliliona mwaka 1936 huko Montreal. Kila alipowatesa panya, kwa baridi, kwa sumu, kwa kuwachosha, aliyakuta mambo matatu: tezi za juu ya figo zimekua, tumbo lina vidonda, thaimasi imenywea.

Kutojua habari hii kuliwahi kuleta balaa. Madaktari wa Ulaya na Marekani walijifunza mwili kwa kupasua maiti za maskini, watu waliokufa taratibu kwa maradhi na njaa, thaimasi zao zimeshapukutika. Wakadhani ndiyo kawaida. Kisha akifa ghafla mtoto mwenye afya, wakampasua, wakakuta thaimasi kubwa nono, wakasema hii ndiyo iliyomuua, imembana pumzi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 watoto wazima, wasio na ugonjwa, walipigwa mionzi kifuani ili thaimasi ipungue. Miaka baadaye baadhi yao wakapata saratani ya thairoidi, tezi ya shingoni. Nilimsomea ami habari hiyo kwenye simu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kwa hivyo maiti ya maskini ndiyo iliyokuwa kitabu chao."

Homoni yenyewe, kotisoli, si kitu cha dukani. Kila mmoja wetu anaitengeneza, nyingi zaidi alfajiri, ndiyo maana predni hunywewa asubuhi. Waliozichunguza homoni za jamii hii mpaka zikafika kwa wagonjwa, Edward Kendall, Philip Hench na Tadeus Reichstein, walipata tuzo ya Nobel mwaka 1950, miaka miwili tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa baridi yabisi kudungwa kotisoni, nduguye kotisoli. Na barua hii moja husomwa tofauti kila inapofikishwa. Kwenye ini kipokezi kile kile hukuta jeni nyingine zimefunguliwa, ini likaanza kutengeneza sukari. Ami alipimwa sukari Mombasa ikawa imepanda, na hakuwa na kisukari maishani mwake. Kwa neutrofili ni amri ya kuishi. Kwa limfosaiti changa na kwa limfoma nyingi ni amri ya kuvunja jahazi.

Limfoma nyingi, si zote, na katika limfoma moja si kila seli. Hilo ndilo lililotuponza. Zile sindano tatu zilizivunja seli zilizotii, zikabaki zisizotii: yenye kipokezi dhaifu, yenye walinzi wengi kuliko Bim inavyoweza kuwashika. Chache, haziguswi kwa kidole, lakini zipo, na nafasi sasa ni yao. Wakati sisi tunakula pilau zenyewe zilikuwa zinagawanyika. Ndiyo sababu Mombasa predni haikuja peke yake. Ilikuja na dawa tatu za mshipani, mojawapo nyekundu kama sharubati, kila siku 21, na predni kwa siku tano za mwanzo wa kila mzunguko, miligramu 100 kwa siku. Vidonge vilivyopatikana ni vya miligramu 5. Yaani 20 kila asubuhi.

Ami alivipanga juu ya sinia, vinne vinne, kama misumari ya kazi. Alikataa kuvimeza kwa mkupuo. Kimoja, funda la chai. Kimoja, funda la chai. Mitoki ilianza kulainika siku ya tatu, na hapo akanikumbusha kwamba sijamaliza.

"Umenambia imevunjwa," akasema. "Mbao zimekwenda wapi?"

Nilipokuwa chuoni tulionyeshwa slaidi ya limfoma ya Burkitt, ile aliyoieleza Denis Burkitt kwa watoto wa Uganda mwaka 1958. Chini ya hadubini ni kama usiku wa giza: seli nyeusi zimebanana, na hapa na pale nukta nyeupe. Vitabu huliita anga lenye nyota. Kila nyota ni makrofeji, seli kubwa mlaji, na ukiikuza unaona tumboni mwake vifurushi vya maiti. Seli inayopukutika hugeuza sehemu ya utando wake, mafuta yaliyokuwa yametazama ndani yakatazama nje, na mlaji akiyagusa anajua hiki ni chakula. Anameza, anameng'enya, vipande vinarudi mwilini vikajengee kitu kingine. Nilihesabu nyota zile nikapata alama zangu, na miaka yote sikuwahi kufikiri kwamba ndilo jibu la swali la mtu.

"Imeliwa, ami."

"Na nani?"

"Na wewe mwenyewe. Na seli zako."

Akashika kidonge cha kumi na nne kati ya vidole viwili, akakitazama kwenye mwanga. Predni ilikuwa imemtia njaa ya ajabu wiki ile. Alfajiri hiyo alikuwa ameshamaliza mahamri sita na bakuli zima la mbaazi.

"Mbona basi sishibi?" akasema, akamwita mkewe alete mengine.